Karani alifanya hila, au mizani ilikuwa na ila?

Swali la msomaji, wilaya ya Tandahimba, Mtwara:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa chama chetu cha msingi cha ushirika, AMCOS. Msimu uliopita karani wetu wa mizani alikuwa akisoma gunia la korosho kilo 78 na nukta sita, anaandika 78 kamili. Hivyo hivyo gunia baada ya gunia. Mwishoni zikaonekana kilo za ziada, na kwenye daftari likakutwa jina la mkulima tusiyemjua hapa kijijini, ameandikiwa kilo zilezile. Kwenye muhtasari wa kikao nikaandika: 'Karani alifanya hila.' Karani amekasirika, anasema nimemwita mwizi. Mzee mmoja wa bodi anataka niache kama ilivyo, kwa sababu eti hila kwa asili ni akili tu, kama ya sungura, wala si neno baya. Mjumbe mmoja anasema niandike 'ulaghai', mwingine 'utapeli'. Na kijana aliyechapa muhtasari ameandika 'karani alikuwa na ila'. Hila maana yake hasa ni nini, na ninalitumiaje?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Hao wote waliokusahihisha, kila mmoja ameshika kipande cha kweli, ndiyo maana mmeshindwa kuelewana. Neno ulilochagua ni zito kuliko anavyodhani Mzee, na lina mipaka ambayo karani haioni. Ila kabla ya kufika huko, niruhusu nianze na kijana wa kuchapa, maana kosa lake ni la herufi moja na madhara yake ni makubwa kuliko ya wengine.

Na hapo juu nimetumia "ila" kwa maana ya "isipokuwa" au "lakini", kama tunavyosema kila siku: wote walifika ila yeye. Hiyo ni ila ya kwanza. Ipo ila ya pili, nayo ni jina, maana yake kasoro, dosari, kitu kinachopunguza ukamilifu wa mtu au wa chombo. Huko Uarabuni yalikotoka, hayo ni maneno mawili yasiyo na udugu. Kiswahili ndicho kilichoyavisha kanzu moja. Hila, yenye h, ni neno la tatu, na halina udugu na hayo mawili.

Sasa weka maneno hayo juu ya mizani yenu. "Mizani ina ila" maana yake springi imelegea, au chombo hakijapitiwa na Wakala wa Vipimo, kinasoma visivyo. Hapo anayetafutwa ni fundi. "Mizani ina hila" maana yake kuna mkono wa mtu. Vivyo hivyo, "karani alikuwa na ila" inaweza kusomwa kwamba ana macho mabovu, au ni msahaulifu, au hajui kusoma nukta. Kwenye mazungumzo ya haraka ile h ya mwanzo huyeyuka midomoni mwetu, na hakuna anayeumia kwa sababu wote tunajua tunazungumzia nini. Muhtasari hauna bahati hiyo. Utasomwa na afisa ushirika ambaye hakuwepo kikaoni, pengine miaka miwili baadaye, naye atasoma kwamba karani wenu alikuwa mtu mwenye kasoro. Rudisha h mahali pake leo hii, kabla hujagusa kitu kingine.

Nije kwa Mzee, ambaye hoja yake naiheshimu. Hila imetoka katika Kiarabu, na mzizi wake unabeba maana ya kugeuka, ya kubadilika. Ndugu zake wa tumbo moja tunao nyumbani: hali, yaani namna jambo lilivyo kwa sasa, hawala, yaani kuhamisha fedha au deni kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na muhali, jambo lisilowezekana. (Halali hayumo; ana mzizi wake peke yake, ingawa watu wengi humweka katika ukoo huu kwa kufanana sauti.) Katika lugha hiyo ya asili, hila ni njia ya kugeuza hali iliyokubana, ustadi wa kujinasua. Neno hilo limo ndani ya Kurani, Sura ya An-Nisaa, aya ya 98, likiwahusu wanaume, wanawake na watoto wanyonge walioshindwa kuhama: watu wasioweza hila, yaani wasio na namna yoyote ya kufanya. Hapo hakuna anayelaumiwa. Wanahurumiwa kwa kukosa hila.

Wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, nao walibishana sana juu ya hila katika sheria: mtu anafuata kila herufi ya hukumu, mkataba umekamilika, mashahidi wapo, lakini lengo la hukumu amelikwepa. Wako waliozikubali baadhi ya hila hizo na wako waliozipinga kwa nguvu. Nakuomba ulishike jambo hili, mwanangu, maana litaturudia tukifika kwenye daftari lenu: kufuata herufi ukilikwepa lengo.

Kwa hiyo Mzee hajakosea kuhusu kuzaliwa kwa neno. Alipokosea ni kudhani neno linabaki mikononi mwa wazazi wake. Hila imeshavuka bahari, imeolewa uswahilini, imezaa. Ukitaka kujua tabia yake ya sasa, usiulize Kiarabu, sikiliza namna Waswahili wanavyolitumia wanaposifu na wanapolaumu. Biblia ya Kiswahili inamsifu Nathanaeli kwamba ni Mwisraeli kweli kweli, "hamna hila ndani yake". Kama hila ingekuwa akili tu, sifa hiyo ingekuwa tusi; ingekuwa ni kusema huyu bwana kichwa chake kitupu. Hakuna msomaji wa Kiswahili aliyewahi kuielewa hivyo. Tunaelewa moja kwa moja kwamba moyo wa Nathanaeli hauna chumba cha nyuma.

Kuna mfano mwingine katika kitabu hichohicho ambao nimeutumia darasani kwa miaka mingi, kwa sababu ndani yake maana ya hila imelala wazi kuliko katika kamusi yoyote niliyoshika. Mzee Isaka amepofuka. Esau amekwenda mawindoni. Yakobo anaingia kuchukua baraka ya kaka yake. Anasema uongo, ndiyo: anasema yeye ni Esau. Lakini Esau halisi aliporudi, Isaka hakumwambia kwamba nduguyo amesema uongo. Alimwambia amekuja kwa hila. Kwa nini? Kwa sababu uongo wa mdomo ulikuwa sehemu ndogo tu ya shughuli nzima. Kulikuwa na ngozi za wana-mbuzi zilizofungwa mikononi na shingoni ili mzee akipapasa akute vinyweleo kama vya Esau. Kulikuwa na nguo za Esau, zenye harufu yake ya porini. Kulikuwa na chakula alichopika mama, kwa ladha aliyoijua mume wake. Kila kitu kilipangwa kabla, na kila kimoja kilielekezwa kwenye kiungo ambacho mzee alikitegemea: vidole, pua, ulimi. Mwisho Isaka alitoa baraka kwa kinywa chake mwenyewe, hakulazimishwa na mtu.

Hiyo ndiyo hila. Ni mpango uliofichwa unaomfanya mwenzako aende kwa miguu yake mwenyewe mahali ambapo, kama angejua, asingekanyaga. Ndani yake lazima kuwe na kusudi, lazima kuwe na mpangilio, na lazima kuwe na kificho. Uongo waweza kuwemo, waweza usiwemo.

Mzee atakurudisha kwenye ngano, najua, na ngano zina haki ya kusikilizwa. Sungura tumwache, kila mtu anamjua. Mkumbushe ile ya kima na papa, ambayo pwani yote hii husimuliwa. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia maji, anamtupia papa matunda siku nenda siku rudi mpaka wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, naye atambeba mgongoni. Wakifika katikati ya bahari ndipo papa anapomwambia: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwa utulivu: mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukisafiri mioyo yetu tunaiacha juu ya miti, nirudishe nikauchukue. Papa akamrudisha, kima akapanda juu, na hakushuka tena.

Hapo zipo hila mbili. Ya papa ilikuwa karamu iliyoficha kifo. Ya kima ilikuwa moyo uliotundikwa mtini. Msimuliaji anaweza kuziita zote mbili hila, na wasikilizaji wakamshangilia kima bila kuona haya. Kwa hiyo Kiswahili kimeacha upenyo mdogo: mnyonge aliyebanwa na mwenye meno anaweza kufanya hila na tusimhukumu. Hapo maana ile ya kale, ya kujinasua, bado inapumua. Ila muulize Mzee swali moja tu, kwa adabu: kwenye mizani ile, nani alikuwa katikati ya bahari? Mkulima aliyeleta magunia yake kwa pikipiki, au karani aliyeshika kalamu? Upenyo wa ngano ni wa kima. Papa hapiti humo.

Sasa nikueleze kwa nini nang'ang'ania kwamba hila haihitaji uongo, maana hapa ndipo karani wako atakapojitetea. Nilipokuwa mwalimu kijana, nilipangiwa shule ya kijijini, bara ya Lindi. Kulikuwa na mnunuzi mmoja aliyekuwa akija miezi ya njaa, Februari na Machi, ghala za watu zikiwa tupu na mahindi mapya hayajakomaa. Aliwakopesha watu fedha kidogo, akisema watalipa korosho zikianguka, visado kadhaa kwa kila kiasi. Kila mtu alikubali. Zikianguka, alikuja na kisado chake. Hakuwa na mizani, hakuwa na daftari la maana, na wala hakugusa korosho. Alimwambia mkulima: pima mwenyewe, mama, ili usiseme nimekuibia. Mama akapima mwenyewe. Misimu miwili ilipita kabla mtoto mmoja, aliyekuwa akikichezea kile kisado, hajaona kwamba kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa ndani kikatokeza nje kama tumbo. Kila kisado kilikuwa kinameza korosho zaidi ya kisado.

Nilikuwa mmoja wa waliokubali kupima kwa kisado hicho, maana nilikuwa na mikorosho michache nyuma ya nyumba ya mwalimu. Nimekaa na jambo hilo miaka yote. Mtu yule hakutamka neno moja la uongo. Alisema "pima mwenyewe", na tulipima wenyewe. Ukisema "alitudanganya", atakuuliza: nilikuambia nini kisicho kweli? Na hutakuwa na jibu. Ukisema "alitufanyia hila", hana pa kutokea, kwa sababu kile kitako kilichogongwa ndicho kinachomjibu.

Ndiyo tofauti ya hila na udanganyifu, na naomba uiweke mahali pa karibu. Kudanganya ni kumfanya mtu aamini kisicho kweli, iwe kwa neno, kwa karatasi au kwa ishara. Unaweza kudanganya ghafla, bila mpango, kwa woga tu: mtoto akiulizwa nani kavunja chungu, anasema paka. Hiyo si hila. Hila inataka muda wa kupangwa.

Ulaghai ni jirani wa karibu, lakini mlango wake ni ulimi. Mlaghai anakulainisha kwa maneno matamu, anakusifu, anakuahidi, mpaka unalegea. Anayekwenda kwa mkulima akamwambia "mimi ni mtoto wenu, siwezi kuwaacha, bei ya mnada itashuka wiki ijayo, niuzieni mimi leo", huyo analaghai. Karani wako, kwa maelezo yako, hakumbembeleza mtu. Alisoma, akaandika, akaita gunia linalofuata. Kwa hiyo mjumbe aliyependekeza "ulaghai" ameona ubaya sahihi akaupa jina la jirani. Hadaa nayo iko upande huohuo wa kuvutia na kupumbaza; tunasema dunia hadaa, kwa sababu inang'aa. Ghiliba inakaribiana sana na hila, ni ya maandishi zaidi, na kijijini watu wengi watakuuliza maana yake. Iache.

Utapeli ni jambo jingine. Neno hili lina mtu ndani yake: tapeli. Tapeli anajifanya asiye, anauza asicho nacho, kisha anatoweka, na kwake hiyo ni kazi. Anayeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu ni tapeli. Anayepiga simu akijiita afisa wa benki ni tapeli. Karani wenu ni karani kweli, mizani ni ya chama kweli, na kesho yupo palepale. Ukiandika utapeli, utakuwa umehukumu maisha yake yote kwa kosa la msimu mmoja, na hapo malalamiko yake yatakuwa na msingi.

Kuna jingine ambalo hukuliuliza lakini litakujia, maana katika mikoa yetu haliko mbali na mdomo wa mtu yeyote: kangomba. Tangu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya mazao katika ghala rasmi kabla ya kuuzwa, ianze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, kununua korosho nje ya mfumo, kwa vipimo visivyo rasmi na kwa bei ya kumuumiza mkulima, kumeitwa hivyo, na anayefanya ameitwa hivyohivyo. Mwaka 2018, Serikali iliposema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ukafuata uhakiki wa wakulima na mashamba yao, na neno hilo likasikika hadi kwa watu wasiowahi kuona mkorosho. Uhakiki ule ulikuwa na sababu: korosho za kangomba haziwezi kuingia ghalani zikiwa uchi, lazima zivae jina la mkulima fulani. Ona jinsi lugha ya watu ilivyo makini. Kangomba ni jina la biashara. Hila ni namna biashara hiyo inavyojificha ili ipite. Jina la mkulima asiyejulikana kwenye daftari lenu linaweza kuwa mlango wa kangomba, linaweza kuwa la karani mwenyewe, na neno "hila" linatosha kwa yote mawili bila wewe kukisia.

Maneno ya mtaani, kama kupigwa changa la macho, kuingizwa mkenge, usanii, ni matamu na yana picha kali, nami nayapenda yakiwa barazani. Kwenye muhtasari yatamfanya msomaji acheke pale anapopaswa kuhesabu.

Nirudi sasa kwa karani, kwa sababu naye ni mwana wa mtu na ana haki ya neno linalomfaa. Anasema umemwita mwizi. Hukumwita. Wizi ni kuchukua. Hila ni njia. Mtu anaweza kufanya hila asiibe chochote, kama mchezaji anayejiangusha uwanjani apewe penalti. Na mtu anaweza kuiba bila hila, akivunja mlango mchana kweupe. Lakini namwelewa hasira yake. Kwenye kikao cha ushirika, penye kilo na shilingi, ukisema hila kila mtu anasikia wizi, na neno husikika pamoja na mahali lilipotamkiwa.

Kwa hiyo tuyatenganishe matendo yake mawili, maana wewe uliyafunga katika neno moja. La kwanza ni kuacha nukta. Kusoma 78 na nukta sita, kuandika 78, peke yake si lazima iwe hila. Kuna vituo ambako ni mazoea, wakulima wanajua, wanalalamika mbele ya karani mwenyewe, na pengine inasemwa wazi kwamba ni ya gunia au ya unyevu. Ni dhuluma, kwa maoni yangu, na nusu kilo ikirudiwa kwenye magunia mia mbili ni kilo mia moja za jasho la watu. Lakini dhuluma iliyo hadharani haiitwi hila, kwa sababu haina kificho. Uliza: wakulima walijua? Kioo cha mizani kilielekea kwao au kwa karani peke yake? Majibu ya hapo ndiyo yatakayoamua neno.

La pili ni lile jina. Hapa sina shaka na Kiswahili changu. Nukta zilizoachwa zilikusanyika zikawa kilo, kilo zikahitaji mwenyewe, na mwenyewe akatengenezwa. Daftari lina safu ya jina, jina lipo. Lina safu ya uzito, uzito upo, na jumla inalingana na ghala. Mkaguzi anayepita haraka atakuta kila herufi mahali pake. Hii ndiyo ile ya wanazuoni niliyokuomba uishike: herufi imefuatwa, lengo limekwepwa. Daftari liliwekwa ili kila kilo irudi kwa mwenye mkorosho, na sasa linatumika kuzizuia zisirudi. Ikithibitika kwamba mtu huyo hayupo, au yupo na hakuleta korosho, na kwamba karani ndiye aliyeliandika akijua, hilo ni hila kwa maana yake kamili, na hakuna neno jingine la Kiswahili linalolikaa vizuri zaidi.

Nasema ikithibitika. Huenda ni jina rasmi la mkulima mnayemjua kwa jina la utani tu. Nimeona hayo kwetu: mtu ameitwa Bakari mtaani miaka hamsini, kitambulisho kinasema vingine kabisa.

Jambo likivuka chama, likaenda kwa afisa ushirika, polisi, hata mahakamani, utaona hila inakaa kando. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, na huko maneno yana viti vyao. Kuna kujipatia mali au fedha kwa njia ya udanganyifu. Kuna kughushi, yaani kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kudanganya. Jina la mtu asiyekuwepo kwenye daftari laweza kuangukia hapo. Hilo wataamua wao. Wewe usitangulie kuandika "alighushi", kwa sababu hilo ni neno lenye kosa na adhabu nyuma yake, na katibu hana mamlaka ya kulitamka kabla ya wenye mamlaka. Hila ni neno la maadili. Watu wa kijiji wanaweza kulitumia kwa haki yao wenyewe, wakishaona ushahidi.

Sasa ufundi wa sentensi, maana uliuliza unalitumiaje. Hila iko katika ngeli ya maneno kama nyumba na safari: umoja hila hii, wingi hila hizi, hila yake moja, hila zake nyingi. Wanaoandika "mahila" wanaongeza kisichotakiwa. Na hila haina kitenzi chake. Danganya ni kitenzi, laghai na hadaa hivyohivyo, lakini hakuna mtu "aliyehila". Ndiyo maana inabebwa na kitenzi kingine, na kitenzi hicho ndicho kinachopima uzito wa shutuma. "Alifanya hila" ni tendo moja la siku fulani. "Aliwafanyia wakulima hila" ni tendo lenye aliyeumizwa, na kwenye muhtasari ni bora zaidi, kwa kuwa aliyeumizwa naye anaonekana. "Alipata kilo hizo kwa hila" inaonyesha njia. Lakini "ana hila" au "ni mtu wa hila" inatoka kwenye tendo na kuingia moyoni mwa mtu, kama ilivyosemwa kwa kinyume juu ya Nathanaeli. Huko usiende. Kikao kinaweza kuona daftari. Moyo wa karani hakikuuona.

Wewe uliandika "alifanya hila", bila ya kusema ipi, lini, kwa nani. Kitenzi ulichagua vizuri, sentensi ikabaki wazi upande mmoja, na kupitia upande huo Mzee ameingia na sungura wake, karani ameingia na hasira zake. Ukiniuliza, ningeandika hivi, na mngekaa tena kikao kifupi kuipitisha:

"Kikao kilielezwa kuwa karani wa mizani aliandika uzito wa magunia bila nukta, na kwamba kilo za ziada zilizopatikana ziliandikwa kwa jina ambalo wajumbe hawakulitambua. Kikao kimeagiza mwenye jina hilo atafutwe kwa kitambulisho na shamba lake lionwe. Endapo hatapatikana, kikao kitahesabu kuwa wakulima walifanyiwa hila, na suala litapelekwa kwa afisa ushirika."

Msomee karani rasimu hiyo kabla ya kikao. Mzee naye msomee, na umwambie nimemsalimu.